Cheti cha Zanzibar, Maji ya Cape Town

Mtu aliyejifunza kuzamia Nungwi, Mafia au Diani amelelewa na bahari ya upole. Maji ni ya nyuzi 25 hadi 29, suti ni nyepesi ya milimita 3, mkandani kuna vipande vichache vya risasi, na siku nzuri pale Mnemba unamwona mwenzako aliye mita 20 mbele yako bila kukaza macho. Mwisho wa mafunzo hupewa cheti cha kuzamia mpaka mita 18, na maelezo yanayoambatana nacho yana sentensi ambayo wengi huisoma haraka: kwamba azamie katika hali inayofanana na ile aliyojifunzia, au iliyo nafuu kuliko hiyo. Sentensi hiyo ndiyo inayomsubiri Cape Town.

Siku hizi wengi wetu hufika huko kwa masomo, kwa mikutano ya kazi au kumtembelea ndugu. Tangu filamu ya My Octopus Teacher itoke mwaka 2020 na kushinda tuzo ya Oscar mwaka uliofuata, mtu mwenye cheti mfukoni hashuki tena uwanja wa ndege wa Cape Town bila kuuliza habari za yule pweza na ule msitu wa mwani. Namuunga mkono. Msitu ule hauna mfano kwetu, na aliyeuona hujuta kwa nini hakuuona mapema. Ila Craig Foster, mtu wa kwenye filamu, anazama kwa pumzi yake mwenyewe na bila suti, baada ya kuuzoeza mwili wake maji hayo kwa muda mrefu. Wewe utakaa chini nusu saa au zaidi ukipumua hewa ya mtungi, hewa iliyo kavu na baridi, na mwili wako haujazoea chochote. Furahia filamu, lakini usiifanye mwongozo.

Ninayemwandikia ni mzamiaji mpya. Cheti chako kina miezi michache, mbizi zako bado unazihesabu, hujawahi kuvaa suti nene, na unataka kuzamia ukiwa na kiongozi. Unachopaswa kukijua mapema ni namna baridi inavyofanya kazi. Maji huunyang'anya mwili joto haraka mara 25 hivi kuliko hewa ya kiwango kile kile cha baridi. Hata hivyo, ukiwa umevaa vizuri katika maji ya nyuzi 14, hatari yako katika dakika 30 za kwanza haitakuwa kuganda. Kitakachotangulia kuondoka ni umakini. Vidole vinakuwa vizito, macho yanasahau geji, jambo ulilolifanya kwa wepesi Diani linahitaji kufikiriwa, na mawazo yote yanakusanyika kwenye shingo ambako maji yanapenya. Mzamiaji mzoefu ana akiba ya umakini, kwa sababu mambo mengi mwili wake unayafanya wenyewe. Wewe bado huna. Kwa hiyo ushauri wangu wote una lengo moja: kupunguza idadi ya mambo mapya yatakayokudai siku ya kwanza.

Anza na kuchagua bahari, maana Cape Town ina mbili. Kwetu miezi ya Desemba hadi Februari ni ya kaskazi. Kule, miezi hiyo hiyo ni kiangazi, na upepo mkuu unatoka kusini-mashariki, wenye nguvu, siku kadhaa mfululizo. Upande wa Atlantiki, kuanzia Hout Bay mpaka Camps Bay na Clifton, upepo huo unayasukuma maji ya juu kwenda mbali na nchi, na maji ya vilindini yanapanda kuchukua nafasi yake. Ndiyo maana katikati ya kiangazi watu wamejaa mchangani wakiota jua, na mita chache kutoka walipolala maji ni ya nyuzi 10 au pungufu. Mara nyingi ni maji maangavu, na wenyeji wenye uzoefu huyakimbilia. Wewe yaache kwanza.

Upande wa mashariki wa rasi kuna ghuba ya False Bay, na mji mdogo wa Simon's Town wenye kituo cha jeshi la majini na pengwini wa Boulders. Hapa kiangazi maji hufika nyuzi 18, pengine 20, na majira ya baridi, Juni hadi Agosti, huwa kati ya 12 na 15. Mgeni akisikia hivyo hupanga safari ya Januari, na hapo ndipo hukosea hesabu. Upepo wa kusini-mashariki unaingia moja kwa moja ndani ya ghuba, unayachafua maji na kuyatia mawimbi. Majira ya baridi upepo hutoka zaidi kaskazini-magharibi, milima ya nyuma ya Simon's Town inaukinga, na ufuo unatulia. Kwa hiyo kuna siku za Julai ambapo hewa inauma lakini bahari ni tulivu na inaonyesha chini vizuri kuliko siku nyingi za kiangazi. Kama una uhuru wa kuchagua, chagua baridi yenye utulivu kuliko joto lenye vurugu. Suti nene itakusaidia kwa baridi. Hakuna kifaa kitakachokusaidia kwa maji yanayokusukasuka huku huoni mkono wako.

Jambo jingine la kuacha nyumbani ni desturi yetu ya kuuliza maji kwanza. Zanzibar ni swali la maana, kwa sababu wakati wa bamvua bahari hupanda na kushuka karibu mita 4, na mkondo hubadilika nayo. Cape Town tofauti ya kujaa na kupwa haifiki mita 2. Kule muulize kiongozi urefu wa mawimbi yanayotoka bahari kuu, na mwelekeo wake. Dhoruba iliyopiga mbali sana kusini, hata hamkusikia upepo wake, inaweza kuleta mawimbi mapana yanayoyavuta maji mbele na nyuma mpaka chini kwenye miamba. Kiongozi akikupigia simu asubuhi na kusema leo haifai, mshukuru na ulale tena.

Sasa huyo kiongozi mwenyewe. Watu humtafuta kwa bei, wakidhani kazi yake ni kuonyesha njia. Njia ni sehemu ndogo. Katika maji baridi yeye ndiye anayeamua mahali, kina, muda na wakati wa kurudi, yaani anayabeba yale maamuzi ambayo wewe hutakuwa na nafasi kichwani ya kuyafanya. Lakini hawezi kukupumulia, wala hawezi kusoma geji yako kupitia mgongo wako. Kuna tofauti pia kati ya daivimasta na mwalimu. Daivimasta anawaongoza watu wenye vyeti. Kufundisha ni kazi ya mwalimu. Kama hujawahi kuvaa suti ya milimita 7, kofia na glavu, ningelipa zaidi mbizi ya kwanza niwe na mwalimu, mahali pa kina kifupi, na mbizi ya pili ndiyo niende kutazama viumbe.

Mpe ukweli wote. Mwambie lini ulizamia mara ya mwisho, mahali gani, na suti gani. Kama ni mwaka umepita, sema mwaka umepita. Wapo vijana wanaoongeza mbizi kidogo ili wasionekane wageni, na kiongozi akiwaamini anawapeleka mahali pa watu wazoefu. Naye umuulize. Atachukua watu wangapi? Kwa maji ya kule mimi nisingependa zaidi ya wanne kwa kiongozi mmoja, na wawili ndiyo raha kamili. Je, mtu mmoja akisikia baridi, kundi lote linapanda au anapandishwa peke yake? Jibu la swali hili linakueleza zaidi kuliko tovuti nzima, kwa sababu pale ambapo mmoja akichoka wote wanapanda, hakuna atakayeona aibu kusema amechoka. Na ukimpata kiongozi anayekuuliza maswali mengi kabla hajapokea pesa yako, mvumilie, huyo ndiye uliyekuwa unamtafuta.

Mahali pa kuanzia ni Long Beach, Simon's Town, karibu na kituo cha treni. Wazamiaji wa kule hupaita pa mafunzo na wanapachoka upesi: mchanga, kina kifupi, mteremko wa polepole. Kwako uchovu wao ni faida. Unaingia kwa miguu, unapiga magoti penye maji ya kifuani, unazoea glavu, unajaza na kutoa hewa kwenye jaketi, na ukichoka unatembea kurudi ufukweni. Ukitoka hapo vizuri, mbizi inayofuata inaweza kuwa Windmill Beach au A-Frame, hapo hapo jirani, ambako kelpu, yaani ule msitu wa mwani, na miamba vinaanzia karibu na nchi. Sehemu kubwa ya pwani hii imo ndani ya hifadhi ya bahari ya Table Mountain, iliyotangazwa mwaka 2004, na kuzamia kwa mtungi ndani yake kunahitaji kibali. Muulize kiongozi kabla ya siku yenyewe ni nani anayekishughulikia.

Utasikia pia majina ya kutamanisha. Smitswinkel Bay kuna meli tano zilizozamishwa makusudi, lakini sakafu iko chini ya mita 30. Si zako kwa cheti hicho. Miller's Point ilisifika kwa papa wakubwa wenye matamvua saba, ambao wazamiaji waliwakuta kwa makundi ndani ya kelpu. Tangu mwaka 2015, orka wawili waliopewa majina Port na Starboard walipoanza kuonekana kwenye ghuba na papa hao kukutwa wamekufa, hawaonekani tena kama zamani. Anayekuahidi kwamba utawaona anakuuzia kitu kisicho mkononi mwake.

Tuje kwenye mavazi, na hapa nitakaa, kwa sababu ndipo mbizi nyingi za wageni huharibikia kabla hata ya kugusa maji. Suti ya mpira haikuzuii kulowa. Inaingiza maji kidogo, mwili unayapasha joto, na kazi ya suti ni kuyazuia yasitoke. Suti pana inayaruhusu maji mapya kupita kila unapojigeuza, na hiyo ya milimita 7 inakuwa haina maana. Duka la kukodisha likikupa suti yenye mfuko wa hewa kiunoni au mgongoni, irudishe, na usione haya kujaribu ya tatu. Shingoni iwe imeshika bila kukaba: ukivaa na kujisikia kizunguzungu au kichwa kujaa, shingo imebana mno, na chini ya maji itakuwa mbaya zaidi. Kofia ya mpira ni ya lazima. Glavu za milimita 3 hadi 5 pia, na buti. Suti kavu, ile isiyoingiza maji kabisa, iache mpaka utakapopata mafunzo yake, kwa kuwa hewa iliyomo ndani huweza kukimbilia miguuni na kukuinua kichwa chini.

Suti nene inaelea, na hilo ndilo linalowashangaza waliozoea milimita 3. Mtu aliyekuwa anazama kwa kilo 4 za risasi Zanzibar anaweza kuhitaji kilo 10 au zaidi akivaa suti, kofia na buti za kule. Usikubali kukadiriwa kwa macho. Pima mwenyewe majini: vaa kila kitu, toa hewa yote kwenye jaketi, shika pumzi ya kawaida, na maji yakufike usawa wa macho. Ukitoa pumzi uzame polepole. Kipimo hicho kifanywe mtungi ukiwa karibu na bar 50, au kama umejaa, ongeza kilo 2 hivi, kwa sababu hewa utakayoitumia ina uzito na mwisho wa mbizi utakuwa mwepesi zaidi, tena wakati ule ule unapotaka kusimama mita 5. Mtungi wa chuma, ambao kule ni wa kawaida, hauhitaji risasi nyingi kama ule wa alumini uliouzoea.

Halafu kuna mchezo ambao suti nene huucheza chini. Mpira wake umejaa vipovu vya gesi. Mita 10 chini shinikizo ni mara mbili ya lile la juu, vipovu vinanywea karibu nusu, na suti iliyokubeba juu sasa haikubebi. Unaanza kushuka kwa kasi usiyoitarajia, unabonyeza jaketi sana, unapanda, suti inajaa tena, unapanda zaidi. Dawa ni kubonyeza kidogo kidogo na mapema, unaposhuka na unapopanda. Suti iliyonywea pia haikingi baridi vizuri, na hiyo ni sababu nyingine ya mimi kusisitiza mita 6 hadi 10 kwa siku za mwanzo. Uzuri mwingi wa msitu uko hapo hapo, penye mwanga.

Siku yenyewe kula, kunywa maji, na ufike mapema. Baridi na maji vikikutana mwili hutengeneza mkojo mwingi, kwa hiyo utapoteza maji kuliko unavyodhani. Vaa suti mkiwa mmeshamaliza maelezo, si kabla, kwa sababu nusu saa juani ndani ya mpira itakutoa jasho na nusu saa upeponi itaanza kukupoza. Kabla ya kuingia, mwagia maji usoni na uyaingize kidogo shingoni ukiwa bado umesimama. Maji baridi yakikupiga ghafla usoni na kifuani, pumzi hukatika, kisha hukimbia yenyewe, na hakuna ujasiri unaoizuia. Hali hiyo hupungua ndani ya dakika moja hadi tatu. Elea, jaketi likiwa na hewa, na usianze kushuka mpaka uweze kuongea sentensi nzima na mwenzako bila kukatika. Viongozi wazuri hukuuliza kitu cha kipuuzi hapo, jina la shule yako au ulikula nini. Wanachosikiliza ni pumzi yako.

Masikio nayo yana jambo lake. Maji baridi yakiingia sikio moja kabla ya jingine, kichwa huzunguka kwa muda mfupi, na mzamiaji mpya hudhani anazimia. Vuta kofia pembeni pande zote mbili ukiwa juu, maji yaingie masikioni kwa pamoja. Itakusaidia pia kusawazisha shinikizo unaposhuka, kwa sababu kofia iliyobana kavu huziba sikio.

Chini sasa. Kelpu ya False Bay ni mwani wenye shina refu mfano wa bomba, kibofu cha gesi juu na majani yanayotawanyika kwenye uso wa maji. Mashina yanasimama kutoka kwenye mwamba na wewe unapita katikati yake. Uoga wa kunaswa ni mkubwa kuliko hatari yake, lakini jiandae: mipira ya hewa na geji vifungwe karibu na mwili, ncha za mikanda ya mapezi zielekee ndani, na mkanda wa miwani uwe chini ya kofia. Ukihisi umeshikwa, simama. Usijizungushe, maana kuzunguka ndiko kunakofunga. Rudi nyuma kidogo ulikotoka, au mwonyeshe mwenzako akutoe. Unapopanda tazama juu, tafuta uwazi wenye mwanga, na uinuke mkono ukiwa mbele ya kichwa. Ukitokea katikati ya majani, usipigane nayo kwa mapezi. Lala juu yake, yasukume chini kwa mikono na ujivute mbele taratibu.

Maji yakisukasuka, yaache yakubebe. Yanapokwenda unakotaka, piga mapezi. Yanaporudi, pumzika au shika mwamba usio na kiumbe juu yake. Anayepigana na mvuto wa nyuma humaliza hewa na haendi popote.

Kuona mita 5 hadi 8 ni jambo la kawaida huko. Maana yake ni kwamba mwenzi aliye umbali uliouzoea Mnemba huku hayupo. Kaeni umbali wa mkono mmoja, ubavuni, si mmoja nyuma ya mwingine. Mkipotezana, zungukeni mkitazama kwa dakika moja, kisha kila mtu apande mkutane juu, na mkubaliane hivyo kabla ya kuingia, kiongozi akiwepo na akisikia.

Hewa nayo fanya hesabu mpya. Tuseme Zanzibar unatumia lita 15 kwa dakika ukipimwa juu ya maji. Mita 10 chini hizo ni lita 30. Mtungi wa lita 12 wenye bar 200 una lita 2,400. Ukiacha bar 50 za akiba, zimebaki 1,800, ambazo ni saa nzima. Cape Town siku ya kwanza, kwa baridi, suti nzito na wasiwasi, si ajabu utumie lita 22, ambazo chini ni 44, na saa ile inakuwa dakika 40. Panga 30. Mwonyeshe kiongozi geji kila dakika tano hata kama hakuuliza, na mwambie mapema kwamba mtageuka kwenye bar 120 badala ya kusubiri 100.

Kuna hitilafu moja ya vifaa ambayo wengi hufundishwa darasani na kuisahau: regulata kutoa hewa mfululizo bila kukoma. Hewa inapotoka kwenye shinikizo kubwa kwenda dogo hupoa sana, na katika maji yaliyo chini ya nyuzi 10 barafu inaweza kuzuia vali isifunge. False Bay si kawaida kufika hapo, ila Atlantiki inafika. Omba regulata iliyotengenezwa kwa maji baridi, usiipumulie ovyo ukiwa juu kwenye upepo, na usijaze jaketi wakati ule ule unapovuta pumzi kubwa. Ikitokea, pumua ukiacha midomo wazi kidogo hewa ya ziada itoke, mpe ishara kiongozi, na mpande pamoja kwa kasi ya kawaida. Ni jambo la kelele na vipovu vingi usoni, na ukishalifanyia mazoezi na mwalimu pale Long Beach halitakutisha.

Kamera iache garini. Nasema hivi nikijua utakasirika, maana pweza yuko, kiti cha pweza wa rangi zote yupo, papa wadogo wa mistari wamejilaza chini ya mwamba. Kamera ni jambo jingine linalodai umakini, na kiongozi wako pengine anayo. Wala usichukue kitu. Konokono mkubwa anayeitwa perlemoen analindwa vikali na sheria, na kamba koche hakamatwi kwa mtungi hata na mwenye leseni.

Ishara ya baridi ni kukunja mikono kifuani na kujisugua mabega. Itoe baridi inapoanza kukusumbua, kabla ya kutetemeka. Kutetemeka ukiwa chini ni mwisho wa mbizi, hakuna mjadala. Na ukishindwa kubonyeza kitufe mara ya kwanza kwa sababu ya ganzi, au ukajikuta umesoma geji na kusahau hapo hapo ilichosema, hizo pia ni dalili za kupanda. Ila kuna dalili moja nataka uitenganishe na baridi. Mtu anaweza kuanza kukosa pumzi chini ya maji, kukohoa, kusikia mlio kifuani, hata kutoa povu lenye rangi ya damu, bila kumeza maji na bila kufanya kazi ngumu. Mapafu yake yanaingiwa na maji kutoka ndani ya mwili, na baridi, suti inayobana na shinikizo la damu huchangia. Hapo panda, toka majini kabisa, pewa oksijeni, nenda hospitali, hata kama umepata nafuu ufukweni. Mwenye shinikizo la damu aonane na daktari kabla ya safari na asifiche lolote kwenye fomu ya afya.

Simama mita 5 kwa dakika 3 kama ulivyofundishwa, lakini fika pale ukiwa bado una joto. Wanajeshi wa majini wa Marekani walichapisha mwaka 2007 majaribio yaliyoonyesha kwamba mzamiaji aliye na joto akiwa chini kisha akapoa wakati wa kupanda hupata ugonjwa wa kupanda, ule wa vipovu vya gesi mwilini, zaidi kuliko aliyefanya kinyume chake. Damu ikipungua kwenye ngozi na miguuni, naitrojeni iliyoingia haitoki kwa urahisi. Ndiyo sababu nyingine ya kufupisha mbizi.

Ufukweni upepo unamaliza kilichobaki. Kikoi hakitoshi. Uwe na koti la kuzuia upepo, kofia ya sufu, soksi kavu, na chupa ya chai ya tangawizi au rooibos ya kule. Vua sehemu ya juu, jikaushe, vaa, ndipo ushughulikie vifaa. Bafu la moto kali lisubiri, kwa kuwa kuipasha ngozi ghafla kunaweza kuamsha vipovu kwenye tishu ambazo bado zimejaa gesi. Mbizi ya pili iamueni mkiwa mmevaa nguo kavu na mmekula. Kama bado unatetemeka baada ya chai, jibu umeshalipata, na pesa uliyolipa isikusukume.

Mwisho ni ratiba yako ya utalii. Wageni wengi huzamia asubuhi, kisha mchana wanapanda gari la kamba kwenda juu ya Table Mountain, mlima wenye mita 1,085 unaosimama juu ya mji ule ule. Kwa mwili wenye naitrojeni, kupanda huko ni ndugu wa kupanda ndege. Mwongozo wa DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, ni kusubiri kabla ya ndege angalau saa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida, na 18 baada ya mbizi kadhaa au za siku kadhaa, na waendesha vituo wengi husema 24 kwa usalama. Panda mlima siku ya kwanza, zamia siku za katikati, na siku ya mwisho kabla ya ndege ya Nairobi au Dar es Salaam nenda Boulders ukawatazame pengwini kutoka kwenye njia za mbao.